Joe Burrow wa 2018 na Joe Burrow wa 2019: nani hasa alibadilika?

Usiku wa Novemba 3, 2018, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, ilichapwa 29-0 na Alabama kwenye uwanja wake wa nyumbani, Baton Rouge. Kwotabeki wa LSU, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, alikuwa Joe Burrow. Alikamilisha pasi 18 kati ya 35, yadi 184, bila tachidauni hata moja, yaani mpira kuvushwa mstari wa mwisho wa wapinzani. Pasi yake moja ilinaswa, na mara 5 aliangushwa chini mpira ukiwa bado mkononi mwake. Yadi ambazo timu nzima ilisogea kwa kukimbia na mpira, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mechi, zilifika 12.

Mwaka mmoja na siku sita baadaye timu hizo zikakutana tena, safari hii Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama. Burrow akakamilisha pasi 31 kati ya 39, yadi 393, tachidauni 3. LSU ikashinda 46-41, ikaondokana na uteja wa kufungwa na Alabama mara nane mfululizo.

Kocha mkuu wa LSU katika mechi zote mbili alikuwa Ed Orgeron. Kocha wa mashambulizi katika mechi zote mbili alikuwa Steve Ensminger. Upande wa pili kocha wa Alabama, Nick Saban, hakwenda popote. Kwa hiyo yale maelezo mepesi mawili yanayotolewa kila kwotabeki wa chuo anapofanya vibaya, kwamba kijana hana uwezo au kwamba kocha anaita mbinu mbovu, hapa yanagongana. Kama kijana hakuwa na uwezo 2018, uwezo wa 2019 aliutoa wapi? Na kama kocha ndiye alikuwa tatizo, mbona ni yule yule?

Takwimu za misimu miwili ziko hivi. Mwaka 2018 Burrow alikamilisha pasi 219 kati ya 379, sawa na asilimia 57.8, yadi 2,894, tachidauni 16, LSU ikamaliza na ushindi 10 na vipigo 3. Mwaka 2019 alikamilisha pasi 402 kati ya 527, asilimia 76.3, yadi 5,671, tachidauni 60. LSU haikufungwa na mtu, mechi 15 kwa 15, ikatwaa ubingwa wa taifa. Naye akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, kwa pengo la kura ambalo halikuwahi kuonekana.

Mashabiki wa soka wanalijua shauri la namna hii: straika hafungi, nusu ya baa inasema ni mzito, nusu nyingine inasema mipira haimfikii. Tofauti ni kwamba kwenye futiboli ya Kimarekani shauri hili linaweza kuchunguzwa kwa karibu zaidi, kwa sababu kila shambulizi husimama, hupangwa upya, na kila jaribio lina mwenye kuliita na mwenye kulitekeleza. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kabla ya kila jaribio kocha huchagua mbinu. Vyuoni, miaka ile, kofia za wachezaji hazikuwa na redio. Mbinu ilipitishwa kutoka pembeni mwa uwanja kwa ishara za mikono na mabango. Kwotabeki huipokea, hutazama ulinzi umejipanga vipi, huweza kuibadilisha kama ameruhusiwa, halafu mpira ukianzishwa anabaki na sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua. Kila namba inayoandikwa kwenye jina lake ina jasho la watu wengine ndani yake: aliyeiita mbinu, watano waliomkinga, na aliyedaka.

Kwa hiyo swali la maana si nani mzuri. Ni namba ipi ni ya nani.

Burrow alifika LSU katikati ya 2018 akiwa ameshahitimu shahada yake Ohio State, ambako alikaa miaka mitatu bila kuanza hata mechi moja. Mwaka 2017 alivunjika mkono kabla ya msimu, Dwayne Haskins akamtangulia kwenye foleni, na baada ya mazoezi ya majira ya kuchipua ya 2018 Burrow akaona mlango umefungwa, akahama. Maana yake alianza mechi ya kwanza ya LSU, dhidi ya Miami, akiwa na miezi michache tu ya kuwajua wapokeaji wake. Siku hiyo alikamilisha pasi 11 kati ya 24. LSU ilishinda 33-17, na waliotazama wakasema wamepata kwotabeki wa kutoharibu mambo, basi.

Wiki mbili baadaye wakaenda Auburn. Hii ndiyo mechi ninayoirudia kila mtu anapotumia asilimia ya pasi kama mizani. Burrow alikamilisha 15 kati ya 34. Mwalimu akisahihisha karatasi hiyo angeweka alama nyekundu. Lakini LSU ilikuwa nyuma 21-13, akampasia Derrick Dillon mpira uliokwenda yadi 71 hadi tachidauni, kisha akaanza shambulizi la mwisho lililokula dakika zaidi ya tano. Ndani yake kulikuwa na jaribio la nne ambalo likishindikana mechi imekwisha. Akampata Stephen Sullivan. Cole Tracy akapiga teke la pointi tatu kutoka yadi 42 saa ikiisha, 22-21. Auburn walikuwa miongoni mwa timu kumi bora za nchi na walikuwa kwao.

Asilimia 44 ya pasi, na ushindi ugenini. Namba ile ilikuwa inapima nini? Ilipima mbinu zilizomtaka atupe mbali, kwa wapokeaji wachache, huku ulinzi ukijua kinachokuja. LSU ya 2018 ilikuwa bado na damu ya zamani ya chuo kile: kimbiza mpira katikati, weka watu wengi karibu na kwotabeki, ukifika kwenye jaribio la tatu na yadi nyingi ndipo umwambie kijana atupe. Jaribio la tatu na yadi nyingi ndilo jaribio gumu kuliko yote. Wanaocheza ulinzi hawana haja ya kubahatisha, wanakuja tu. Kwotabeki anayelishwa majaribio ya namna hiyo mechi nzima asilimia yake itashuka hata kama mkono wake umenyooka.

Kama mkaguzi wa vipaji angekuwa amekaa jukwaani msimu ule, angekuwa na vitu vitatu vya kuandika ambavyo havikutegemea kitabu cha mbinu cha kocha. Cha kwanza, pasi zilizonaswa: 5 tu katika 379. Hiyo ni kama asilimia 1.3. Cha pili, ugumu wa mwili. Dhidi ya Georgia, timu iliyokuwa ya pili nchini, alikimbia mwenyewe na mpira akafunga tachidauni mbili, LSU ikashinda 36-16. Dhidi ya Texas A&M, kwenye mechi ya ajabu iliyokwenda nyongeza saba na kuisha 74-72 kwa A&M, alikimbia mara 29. Mara 29! Mkimbiaji wa kazi hiyo angelalamika. Cha tatu ni kibaya: alikuwa anaushikilia mpira muda mrefu mno. Msimu ule kwotabeki wa LSU aliangushwa zaidi ya mara 30, na si kila mara kosa lilikuwa la ukuta wa mbele, wale watano wanaomkinga. Kitu hicho cha tatu nitakirudia, maana ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Halafu ikaja Januari 1, 2019, mechi ya Fiesta Bowl dhidi ya UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida, timu ambayo haikuwa imefungwa katika mechi 25. Mapema kabisa Burrow akatupa pasi ikanaswa na Brandon Moore, ambaye alikimbia nayo yadi 93 hadi tachidauni. Burrow alipokuwa akimkimbilia, akagongwa na mchezaji wa UCF ambaye hakumwona, akaanguka chali. Wengi wangemtoa. Akainuka, akarudi uwanjani, akamaliza na yadi 394 na tachidauni 4, LSU ikashinda 40-32.

Tarehe hiyo ina uzito wake. Maelezo yanayopendwa yanasema kwamba kocha mpya, Joe Brady, alikuja na kumgeuza Burrow kuwa mtu mwingine. Brady aliajiriwa baada ya mechi hiyo. Kijana alikuwa ameshaanza kufunguka kabla mwalimu mpya hajaingia getini.

Sasa Brady mwenyewe. Alikuwa na miaka 29, akitoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa, alikokuwa msaidizi wa ngazi ya chini kwa kocha Sean Payton. Kabla ya hapo alikuwa Penn State, kwa Joe Moorhead, akijifunza zile mbinu ambazo kwotabeki huamua baada ya mpira kuanzishwa kama amwachie mkimbiaji au atupe. Orgeron akampa kazi ya kupanga mchezo wa pasi na kuwafundisha wapokeaji. Ensminger alibaki na cheo chake na aliendelea kuita mbinu nyingi. Brady akapewa nafasi kubwa kwenye majaribio ya tatu na karibu na mstari wa tachidauni. Mwisho wa msimu Brady ndiye aliyetunukiwa tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora wa nchi. Ensminger hakupata tuzo hiyo. Kwa maoni yangu mzee yule alionewa kidogo, kwa sababu ni makocha wachache wenye umri wake wangekubali kijana wa miaka 29 aje kufuta nusu ya kitabu chao, kisha waendelee kukisoma kwa sauti kama vile ni chao tangu mwanzo.

Kilichobadilika basi ni kitabu. Na badiliko kubwa linaonekana kwa macho hata ukiwa hujui kanuni moja ya mchezo: mara nyingi LSU ya 2019 ilijipanga bila mkimbiaji nyuma ya kwotabeki. Watano wa ukuta wa mbele, wapokeaji watano wametawanyika upana wote wa uwanja, na Burrow amesimama peke yake. Mpangilio huo una faida ya wazi. Ulinzi ukitawanyika kuwafuata watu watano, hauwezi kuficha nia yake. Anayekuja kuvamia anaonekana, anayebaki nyuma anaonekana. Kwotabeki anasoma kabla mpira haujaanzishwa.

Lakini una bei yake, na hapa ndipo wale wanaosema Brady alimrahisishia kazi wanaponishangaza. Wanaomkinga ni watano tu. Ulinzi ukileta sita, hesabu ya darasa la kwanza inatosha: mmoja atapita bila kuguswa. Huyo mmoja hana wa kumzuia. Ni kazi ya kwotabeki kumtambua mapema, kujua ametoka eneo gani, na kuupeleka mpira pale pale alipotoka kabla hajafika. Kosea mara tatu kwa mechi na unabebwa kwa machela. Kocha anayemwita kwotabeki asimame peke yake namna ile hamfichi. Anamkabidhi funguo za nyumba. Burrow ni mtoto wa Jim Burrow, aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Ohio University kule Athens, Ohio, kwa miaka mingi. Alikua nyumbani ambako namna ulinzi unavyofikiri yalikuwa mazungumzo ya mezani. Kitabu cha 2018 hakikuwa na mahali pa kutumia elimu hiyo. Kitabu cha 2019 kilikaa juu yake.

Mechi iliyolithibitisha hilo ilikuwa ya pili msimu huo, Septemba 7, Austin, dhidi ya Texas. LSU inaongoza 37-31. Muda uliobaki haufiki dakika tatu. Mpira uko kwenye yadi 39 ya upande wa LSU, jaribio la tatu, na yadi zinazotakiwa ni 17. LSU ya miaka iliyopita ingekimbiza mpira katikati, ikapoteza sekunde chache, ikawapigia wapinzani mpira mbali kwa teke, ikaomba dua. Benchi likaita pasi. Texas wakaleta uvamizi. Ukitazama picha ya marudio taratibu utaona kitu ambacho hakimo kwenye mbinu yoyote: Burrow anasogea hatua kidogo kulikwepa kundi linalomjia, macho hayajashuka hata mara moja kuwatazama wanaomtafuta, halafu anatupa miguu ikiwa haijatulia vizuri. Justin Jefferson anadaka akiwa mbio, anakwenda mpaka mwisho. Yadi 61. LSU ikashinda 45-38, Burrow akiwa na 31 kati ya 39 na yadi 471.

Gawanya mbinu ile. Ujasiri wa kutupa badala ya kukimbiza ni wa benchi. Ukinyima benchi sifa hapo unadhulumu. Njia aliyokimbia Jefferson ilichorwa na benchi. Ila mbinu ilikufa pale Texas walipopenya, na kilichotokea baada ya kifo hicho ni cha Burrow mtupu. Ndiyo sababu napenda kumpima kwotabeki kwa yale majaribio ambayo mbinu imeshavunjika. Pale hakuna wa kumsingizia wala wa kumshukuru. Kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, dhidi ya Georgia ilitokea nyingine: alizungukwa, akajizungusha akatoka, akakimbilia kulia, akamwona Jefferson ameshaiacha njia yake na kupotelea mbali na walinzi, akamtupia. Yadi 71. Hakuna kocha duniani aliyeiita mbinu hiyo. LSU 37, Georgia 10.

Kuna shahidi wa tatu ambaye hesabu haikamiliki bila yeye, nao ni wapokeaji. Ja'Marr Chase alidaka pasi 23 mwaka 2018 na 84 mwaka 2019, zikiwemo za tachidauni 20, akachukua tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa vyuo. Jefferson alitoka pasi 54 hadi 111. Mkimbiaji Clyde Edwards-Helaire alipata yadi 1,414 za mbio na bado akadaka pasi 55. Ukuta wa mbele nao ukachukua tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora wa nchi. Chase na Jefferson leo ni miongoni mwa wapokeaji wakali wa ligi ya kulipwa. Anayempa Burrow au Brady sifa zote za yadi 5,671 anawavika kilemba cha ukoka, maana sehemu kubwa ya yadi hizo ilitembea kwa miguu ya watu wengine baada ya mpira kudakwa.

Kwenye nusu fainali ya taifa, Desemba 28, 2019, mjini Atlanta, LSU iliifunga Oklahoma 63-28, Burrow akitupa tachidauni 7 kabla ya mapumziko. Siku hiyo, kabla ya mechi, Ensminger alipata taarifa kwamba mke wa mwanawe, mwandishi wa habari za michezo Carley McCord, amefariki kwenye ajali ya ndege ndogo akiwa njiani kuja kuitazama mechi. Mzee alipanda kwenye chumba cha makocha juu ya jukwaa na akafanya kazi yake. Nalitaja kwa sababu katika simulizi nyingi za msimu ule Ensminger hufutwa kabisa, kana kwamba kitabu kilijisoma chenyewe.

Fainali ilikuwa New Orleans, Januari 13, 2020. Clemson waliongoza 17-7. Brent Venables, kocha wao wa ulinzi, alikuwa ameandaa sura za ulinzi ambazo LSU hawakuwa wamekutana nazo, na kwa robo nzima Burrow alionekana kama yule wa 2018, anatafuta, anakosa. Kisha akazizoea. 42-25, yadi 463, tachidauni 5 za pasi na moja ya miguu yake.

Ushahidi bora wa kesi kama hii hutokea watu wanapotengana, na mwaka 2020 wote walitawanyika. Burrow akachaguliwa wa kwanza kati ya wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, na Cincinnati Bengals. Brady akawa kocha wa mashambulizi wa Carolina Panthers. Jefferson akaenda Minnesota, Chase akakaa nje msimu ule. Ensminger akabaki LSU, na nafasi ya kwotabeki ikaenda kwa Myles Brennan, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya Burrow misimu miwili, wa pili akikisoma kitabu kile kile.

Brennan alicheza mechi tatu kabla ya kuumia. Alipata yadi 1,112. Hiyo ni kama yadi 371 kwa mechi. Burrow, msimu wake wa miujiza, alikuwa na 378.

Ukisimama hapo utasema mchezo umekwisha: yadi ni za kitabu, mtu yeyote angezipata. Tazama tena. Brennan alikamilisha asilimia 60.3 ya pasi zake, Burrow 76.3. Pasi za Brennan zilizonaswa zilikuwa 3 katika 131, zaidi ya asilimia 2. Za Burrow zilikuwa 6 katika 527. LSU ilishinda mechi moja kati ya hizo tatu, na ingawa ulinzi wao ulikuwa unavuja vibaya, kule Missouri walikuwa na majaribio manne kutoka yadi 1 dakika za mwisho na hawakuvuka mstari. Wakafungwa 45-41. Kwa hiyo kitabu kiliendelea kuzaa yadi bila mwenyewe, kama nilivyotarajia. Usahihi na utunzaji wa mpira havikubaki Baton Rouge.

Rudi sasa kwenye namba ya pasi zilizonaswa: asilimia 1.3 mwaka 2018, asilimia 1.1 mwaka 2019. Kila kitu kingine kilipaa, hiyo ikasimama pale pale. Yadi kwa kila pasi zilitoka 7.6 hadi 10.8, usahihi ukaruka karibu alama 19, tachidauni zikazidi mara tatu na nusu, na yeye aliendelea kuwapa wapinzani mpira kwa uchoyo ule ule. Namba inayokataa kutikisika wakati mbinu zote zimebadilishwa, mimi naihesabu kuwa ya mchezaji. Ilikuwepo Novemba 2018, siku Alabama wanamchapa, na ilikuwa inaonekana na mtu yeyote mwenye karatasi ya takwimu.

Upande mwingine wa sarafu ni Ohio State. Makocha wa kule, wakiongozwa na Urban Meyer, walimtazama Burrow kwa miaka mitatu wakamchagua Haskins. Inavutia kusema walikuwa vipofu, lakini Haskins, ambaye sasa ni marehemu, alitupa tachidauni 50 na yadi 4,831 mwaka 2018, na akawa wa tatu kwenye kura za Heisman. Kwa kitabu chao na wapokeaji wao, uamuzi haukuwa mbaya hata kidogo. Tatizo lilikuja Washington, timu ya ligi ya kulipwa, walipomchagua wa 15 mwaka 2019 kwa uzito wa namba hizo. Hawakufika mwisho wa msimu wa pili pamoja. Ngapi kati ya zile tachidauni 50 zilikuwa zake na ngapi za Ohio State, ndilo swali ambalo klabu iliyolipa ilipaswa kuliuliza kabla ya kusaini.

Cincinnati nao walikuwa wanaweka zaidi ya dola milioni 36 mezani kwa mtu mwenye msimu mmoja wa maajabu. Walipata walichokilipia, pamoja na ile kasoro ya 2018. Mwaka wake wa kwanza aliumia goti Novemba. Wa pili, 2021, akiwa ameungana tena na Chase, aliongoza ligi kwa usahihi, asilimia 70.4, na aliongoza pia kwa kuangushwa: mara 51. Watu wa Cincinnati waliulaumu ukuta wa mbele kama watu wa Baton Rouge walivyoulaumu wao, na wote walikuwa na nusu ya ukweli. Kuta zilikuwa mbili tofauti, miji miwili, makocha wawili, na mtu aliyekuwa anaushikilia mpira ni mmoja. Kwenye mtoano kule Tennessee aliangushwa mara 9, akashinda 19-16.

Brady kwa upande wake alifukuzwa Carolina Desemba 2021, akiwa amefanya kazi na Teddy Bridgewater kisha Sam Darnold. Waliomtukuza 2019 wakageuka wakasema alibebwa na Burrow. Miaka mitatu baadaye alikuwa akiita mbinu za Buffalo, Josh Allen akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya 2024, na simulizi ikageuka tena. Sioni kama Brady alikuwa amepumbaa kwa miaka miwili kisha akaamka. Kitabu chake kinadai kwotabeki anayeweza kusimama peke yake na kumwona mtu wa sita. Carolina hawakuwa naye.

Ubishi wenyewe ulimfuata Burrow hadi Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, ya Februari 2022. Bengals wako nyuma 23-20 dhidi ya Rams, chini ya dakika moja, jaribio la tatu na yadi 1. Kocha Zac Taylor akaita mbio, mpira ukaenda kwa Samaje Perine badala ya mkimbiaji mkuu Joe Mixon, hakuna kilichopatikana. Jaribio la nne ikaitwa pasi. Chase alikuwa amemwacha Jalen Ramsey chini na alikuwa akikimbia peke yake kuelekea mwisho wa uwanja, lakini Aaron Donald alishamshika Burrow na kumzungusha, mpira ukatoka bila macho. Jaribio la tatu namdai Taylor. La nne simdai yeye wala Burrow: mbinu ilikuwa sahihi na mpokeaji alikuwa wazi, ila Donald alifika kabla kijana hajageuza hata shingo.